Visagio vya Kristali: Hazina ya Wawili au Siri ya Mmoja?

Somo la safari hii linahusu kitu kidogo kinachokaa katikati ya meza, yaani kisagio cha chumvi pamoja na mwenzake wa pilipili manga. Pengine utatabasamu na kuuliza, "Tangu lini ukurasa wa ndoa ukashughulikia vyombo vya mezani?" Tafadhali vumilia kidogo, kwani penye vyombo ndipo palipo na pesa za nyumba, na penye pesa za nyumba ndipo ukweli wa watu wawili hupimwa.

Hebu tuanze na mfano. Mume na mke wamekaa pamoja miaka 15. Mume amezoea kwenda kwenye minada ya vyombo vya nyumbani, hasa pale familia za wageni zinapohama na kuuza mali zao. Jozi yake ya kwanza ya visagio vya kristali ilikuwa ya kupendeza, bei ilikuwa nafuu, na mke alifurahi. Baada ya miaka mitatu, kabatini mna jozi saba. Nyingine nne zimefungwa katika sanduku kule anakofanya kazi mume, na mke hana habari. Siku moja mke anataka kufua suruali, anapekua mifuko na kukuta risiti ya shilingi 18,000. Wakati huo karo ya muhula bado nusu haijalipwa.

"Baba watoto, hii ni ya nini?"

"Ni vile vitu vyangu. Nilivipata kwa bei nzuri sana."

"Vitu vyako? Na karo ni ya nani?"

Mume anakaa kimya. Mke naye anageuka na kwenda zake jikoni. Usiku huo wanalala migongo ikitazamana.

Kosa la mume tunaliona sote. Lakini kuna jambo la pili ambalo ni rahisi kulipita: mke hajui kitu kile ni nini, kwa nini mumewe akipende, wala kama shilingi 18,000 ni bei ya haki au ni wizi. Hakuna aliyemweleza, naye hakuuliza. Kwa hiyo kabla hatujarudi kwa wawili hawa, na tukijue kwanza kitu chenyewe. Mtu hawezi kukubali wala kukataa vizuri jambo asilolijua.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Kisagio si sawa na kile kichupa chenye matundu ambacho tunakitikisa juu ya chakula. Kichupa hutoa unga uliokwisha sagwa. Kisagio hupokea punje nzima za pilipili manga au mawe ya chumvi, nawe huzungusha kichwa chake kwa mkono, kikasaga papo hapo juu ya sahani.

Faida yake ni ya kweli. Harufu ya pilipili manga imo katika mafuta yaliyo ndani ya punje. Ikishasagwa, mafuta hayo huanza kupotea hewani, na unga uliokaa miezi mingi kabatini hubaki na ukali kidogo bila ile harufu yake tamu. Wazee wa Pwani waliijua bidhaa hii zamani, nasi mpaka leo twaiita pilipili manga, jina linalokumbusha Manga, yaani Uarabuni, ambako wafanyabiashara wake walitoka. Mmea wenyewe asili yake ni kusini magharibi mwa Bara Hindi, upande wa Malabar.

Kisagio cha kristali cha zamani ni kazi ya mafundi watatu. Wa kwanza ni fundi wa kioo, aliyetengeneza mwili wake na kuuchonga. Wa pili ni mfua fedha, aliyetengeneza kofia au mshipi wa shingoni. Wa tatu ni fundi wa chuma, aliyetengeneza meno ya kusagia yaliyofichika ndani. Anayekusanya vitu hivi hana budi kuwachunguza wote watatu. Wengi humtazama wa kwanza tu kwa sababu kazi yake inang'aa, na hapo ndipo hupoteza pesa.

SIMBA UNAYEMJUA

Na tuanze na yule fundi aliyefichika. Sisi Wakenya jina la Peugeot si geni kwetu. Magari ya Peugeot yalishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na tena 1975 na 1978. Ile Peugeot 504 ilibeba abiria wa safari ndefu katika barabara zetu kwa miaka mingi. Lakini wengi hawajui kwamba kabla ya kutengeneza gari, jamaa hii ya Ufaransa ilitengeneza visagio.

Mwaka 1810 ndugu wa jamaa ya Peugeot waligeuza kinu chao cha nafaka kuwa karakana ya chuma cha pua. Walitengeneza misumeno na vyombo vingine vya chuma. Mwaka 1840 walianza kutengeneza mashine ndogo za kusagia kahawa, na mwaka 1874 wakatoa kisagio cha pilipili manga cha mezani. Gari lao la kwanza lilikuja baadaye, mwaka 1889. Yule simba aliye kwenye magari yao alisajiliwa kuwa alama yao mwaka 1858, naye alikuwa alama ya misumeno: meno makali kama ya simba.

Ubora wa kisagio chao ulikuwa katika meno. Meno ya juu ni makubwa, nayo hushika punje na kuipasua. Meno ya chini ni madogo, nayo husaga vile vipande mpaka viwe laini. Chuma chake kilitiwa ugumu kwa moto ili kisichakae haraka. Nati iliyo juu ya kofia hurekebisha kazi: ukiikaza, unga huwa laini, ukiilegeza, huwa wa chengachenga. Mashine hizi zilisifika hivi kwamba wafua fedha na mafundi wa kioo wengine walizitumia ndani ya vyombo vyao wenyewe. Kwa hiyo usishangae ukikuta kisagio chenye kofia ya fedha ya Uingereza, na ndani yake mna chuma cha Kifaransa. Hilo si dalili ya ulaghai.

KIOO KIZITO

Kristali tunayoizungumzia hapa ni kioo kilichotiwa oksidi ya risasi, ile risasi ya madini. Mwaka 1674 George Ravenscroft wa London alipewa hataza ya kutengeneza kioo cha namna mpya, na kutokana na kazi yake kioo chenye risasi kikaenea Uingereza. Risasi hukifanya kioo kiwe kizito, kivunje mwanga katika rangi nyingi, na kiwe laini kidogo kwa fundi anayekichonga kwa gurudumu. Ndiyo maana kristali ina mikato mirefu yenye kingo kali inayometameta chini ya taa. Kwa sheria ya Soko la Pamoja la Ulaya ya mwaka 1969, kioo hakiwezi kuitwa kristali ya risasi mpaka kiwe na oksidi ya risasi asilimia 24 au zaidi. Kikifika asilimia 30, huitwa kristali kamili.

Majina mawili utayasikia mara kwa mara. La kwanza ni Baccarat, kijiji cha Lorraine huko Ufaransa. Mwaka 1764 Mfalme Louis wa 15 alimpa Askofu wa Metz ruhusa ya kujenga karakana ya kioo mahali hapo. Palikuwa na misitu mingi ya kuni na watu waliohitaji kazi. Kristali yenyewe ilianza kutengenezwa huko katika karne ya 19.

La pili ni Waterford, mji wa Ayalandi, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ya wamisionari wake. Karakana ya kwanza ilifunguliwa huko mwaka 1783. Ushuru mzito uliotozwa kioo uliidhoofisha, ikafungwa mwaka 1851. Kwa karibu miaka 100 tanuri zikakaa baridi. Kazi ilipofufuliwa mwaka 1947, mafundi wenyeji wenye ujuzi walikuwa wameisha, ikabidi waletwe mafundi kutoka bara la Ulaya kuwafundisha vijana upya. Mmoja wao, Miroslav Havel, ndiye aliyechora nakshi ya Lismore mwaka 1952, ambayo imekuwa mashuhuri kuliko zote za Waterford. Mwaka 2009 kiwanda kikubwa kilifungwa, na mwaka 2010 kikafunguliwa kingine kidogo katikati ya mji. Sehemu kubwa ya bidhaa zenye jina hilo siku hizi hutengenezwa katika nchi nyingine za Ulaya. Basi jina peke yake halitoshi kukuambia kitu kilitengenezwa wapi.

KWA NJE NI MAPACHA, KWA NDANI SIVYO

Hapa tumefika mahali ambapo wakusanyaji wengi hukosea. Jozi ikiwa mezani, kisagio cha chumvi na cha pilipili hufanana kama mapacha: kimo kimoja, mikato ile ile, kofia zile zile. Kwa ndani havifanani hata kidogo. Pilipili hutaka meno ya chuma cha pua. Chumvi nayo ni adui wa chuma hicho. Ikikaa humo na unyevu kidogo, meno hushika kutu na kuliwa. Kwa sababu hiyo kisagio cha chumvi hutengenezwa kwa kauri, kwa plastiki ngumu, au kwa chuma kisichoshika kutu. Ukitia chumvi katika kisagio cha pilipili cha zamani, unaweza kukiharibu kabisa, hata kama kilidumu miaka 80 kabla hujakinunua.

Chumvi huila hata fedha. Huiachia madoa meusi au ya kijani na vishimo vidogo visivyofutika. Ndiyo sababu vibakuli vya chumvi vya fedha vya zamani vilikuwa na kikombe cha kioo cha buluu ndani, ili chumvi isiguse fedha yenyewe.

Jambo hili linakupa pia kipimo cha kumjua mwuzaji mkweli. Zamani huko Ulaya chumvi haikusagwa mezani. Iliwekwa katika kibakuli kidogo kilicho wazi, ikachotwa kwa kijiko. Vichupa vya chumvi vyenye matundu vilienea zaidi baada ya watengenezaji kujua namna ya kuizuia isigande; huko Marekani, kampuni ya Morton ya Chicago ilianza mwaka 1911 kuitia kaboneti ya magnesi ili imiminike hata siku za mvua. Visagio vya chumvi vilivyofanana na vya pilipili ni mtindo uliokuja baadaye sana kuliko kisagio cha pilipili. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba jozi hii ya chumvi na pilipili imekuwa pamoja tangu miaka ya 1880, muulize mara mbili, kisha ufungue uone meno. Huenda ni visagio viwili vya pilipili vilivyokutanishwa juzi sokoni.

Nasi wanandoa tuna la kujifunza hapa, bila kulivuta sana. Wawili waliofanana kwa nje hawatakiwi kutendewa sawa katika kila jambo. Mmoja hutulia akieleweshwa. Mwingine hutulia akiachwa kidogo. Anayemtia mwenzake kila kitu kinachomfaa yeye mwenyewe huona kutu baadaye, asijue imetoka wapi.

KABLA HUJATOA PESA

Mkienda kutazama jozi, nendeni wawili mkiweza. Macho manne huona zaidi ya mawili, na mmoja akishikwa na tamaa mwingine huwa bado ana akili. Fuateni hatua hizi:

1. Pima uzito kwa mkono. Kristali ni nzito kuliko kioo cha kawaida cha ukubwa ule ule.

2. Pitisha kidole juu ya mikato. Iliyochongwa kwa gurudumu ina kingo kali. Iliyomiminwa katika kalibu ina kingo za mviringo, na mara nyingi utaona mshono mwembamba kama uzi ubavuni.

3. Omba ruhusa ya kukifungua. Toa kofia na chuma cha ndani, kisha ugonge mwili taratibu kwa ukucha. Kristali hulia kama kengele ndogo kwa muda. Kioo cha kawaida hutoa sauti fupi. Kikiwa kimefungwa pamoja na chuma chake, kipimo hiki hakifai.

4. Tafuta alama ya kioo kwa tochi na kioo cha kukuzia. Baccarat walianza mwaka 1936 kuandika alama yao chini kwa asidi. Vyombo vyao vingi vya kabla ya hapo vilikuwa na karatasi iliyobandikwa tu, nayo kwa kawaida imeshabanduka. Kukosa alama, basi, si lazima kuwe dalili ya bandia; lakini pasipo alama usilipe bei ya jina.

5. Soma mihuri ya kofia. Kwenye fedha ya Uingereza, simba anayetembea maana yake ni fedha halisi ya sehemu 925 katika 1,000. Nanga ni ya mji wa Birmingham, kichwa cha chui ni cha London, taji lilikuwa la Sheffield mpaka 1974, na tangu 1975 Sheffield hutumia waridi. Herufi iliyo karibu huonyesha mwaka. Fedha ya Ufaransa ya tangu 1838 ina kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita, yaani Minerva. Lakini herufi EPNS maana yake ni chuma cha mchanganyiko kilichopakwa fedha juu tu. Hata hicho chaweza kuwa kizuri, ila bei yake iwe ya kupakwa.

6. Tazama kasoro. Angalia midomo na kingo kama zimemeguka. Angalia ukungu mweupe ndani ya kioo. Kama hautoki kwa maji ya uvuguvugu, kioo chenyewe kimeharibika. Zungusha kichwa: kinasaga au kinateleza?

7. Hakikisha jozi ni jozi. Linganisha kimo, idadi ya mikato, mihuri na mwaka wake. Kisagio kilichobaki peke yake mara nyingi huuzwa kwa pungufu ya nusu ya bei ya jozi.

Yakikamilika haya yote, bado msinunue siku ile ile kama bei inazidi kiasi mlichokubaliana. Nendeni nyumbani mkalale. Mnada mwingine utakuwapo.

PESA NI ZA NYUMBA

Sasa tuseme wazi. Kupenda kitu kizuri si kosa. Mtu anayefanya kazi juma zima anaweza kuwa na jambo la kumburudisha, nalo likawa bora kuliko kukaa baa. Anayemcheka mwenzake kwa sababu ya visagio humfundisha kuficha. Mke aliyezoea kusema, "Takataka zako hizo," asistaajabu sana akikuta sanduku lililofungwa. Vivyo hivyo mume anayekejeli vitambaa, vikombe au maua ya mkewe.

Lakini kuficha ni kosa, hata kama pesa ni mshahara wako mwenyewe. Ukishaanza kuficha risiti, kisagio si burudani tena bali ni siri, na siri hulelewa kwa uongo mwingine mdogo mdogo. Kwa hiyo twashauri mfanye hivi:

Kwanza, vitu vya lazima vitangulie: chakula, karo, kodi ya nyumba, matibabu, wazazi, na akiba. Kinachobaki ndicho cha kuzungumziwa.

Pili, kubalianeni kiasi cha mwaka mzima, mkiandike, na mwenzako naye apate kiasi kinacholingana kwa jambo analolipenda yeye.

Tatu, msikope kamwe kwa ajili ya kukusanya. Wala pesa za chama zisiguswe.

Nne, wekeni kikomo cha idadi. Jozi mpya ikiingia baada ya kikomo, nyingine itoke.

Tano, msijidanganye kwamba ni biashara. Wapo wasemao, "Thamani yake itapanda, tutawasomeshea watoto." Ukweli ni kwamba vijana wengi wa Ulaya siku hizi hawapendi kristali nzito ya mikato mingi, na vipande vingi vya kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko vilipokuwa vipya. Vichache tu vya nadra ndivyo hupanda. Nunua kwa sababu mnakipenda wote wawili na mtakitumia. Ukitaka kuwasomesha watoto, weka akiba.

Sita, muwe na daftari moja. Kila jozi iandikwe: ilinunuliwa lini, wapi, kwa pesa ngapi, ina mihuri gani, ina kasoro gani. Daftari likae mahali wote mnapopajua. Mmoja wenu akifariki kwanza, atakayebaki hatalaghaiwa na mnunuzi wa kwanza atakayebisha hodi akiwa na noti mbili mkononi. Wala watoto hawatagombania wasichokijua.

VITUMIKE, NA VITUNZWE

Wengine hununua visagio vya thamani, wakavifungia kabatini, kisha wakaendelea kula na kichupa cha plastiki. Chombo cha meza mahali pake ni mezani. Kama mnaogopa watoto wadogo, wekeni Jumapili jioni, au siku ya kumbukumbu ya ndoa yenu. Katika desturi za Waingereza na Wamarekani, mwaka wa 15 wa ndoa huitwa wa kristali, kama ule wa 25 ulivyo wa fedha. Si desturi ya kwetu, lakini haitudhuru kuiazima.

Katika kutumia, shikeni mambo machache. Tieni punje chache tu za pilipili, za kutosha majuma machache, kwa sababu kioo huingiza mwanga na mwanga hupunguza ukali wa pilipili. Kwa hiyo pia msikiache dirishani. Chumvi iwe ya mawe na iwe kavu kabisa. Ile chumvi yetu ya baharini ya upande wa Malindi, ikiwa na unyevu, itagandisha meno, ianikeni kwanza. Mkimaliza kula, chumvi itolewe katika kisagio chenye kofia ya fedha, na kofia ipanguswe kwa kitambaa kikavu. Msisahau pia kwamba chumvi ya kisagio mara nyingi haina iodini, hivyo ya kupikia jikoni iendelee kuwa ile iliyotiwa iodini.

Msikishike kisagio juu ya sufuria inayofuka mvuke. Mvuke huingia ndani na kugandisha kila kitu. Mwili wa kristali uoshwe peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Maji ya moto huweza kuupasua. Chuma kisiloweshwe kamwe. Kisuguliwe kwa brashi ndogo kavu. Kuhusu ile risasi iliyo ndani ya kioo, hutoka hasa pale divai, siki au maji ya ndimu yanapokaa humo muda mrefu. Punje kavu zinazokaa majuma machache hazina hatari kubwa, lakini msigeuze vyombo hivi kuwa vya kuhifadhia achari wala kuwapa watoto wachanga wanyonye na kuchezea.

TURUDI KWA WAWILI WETU

Tuliwaacha wamelala migongo ikitazamana. Wafanye nini asubuhi?

Mume aanze, kwa kuwa yeye ndiye aliyeficha. Alete sanduku nyumbani, jozi zote nne, azipange mezani mbele ya mkewe. Asijitetee kwa bei nzuri aliyopata. Aseme, "Mama watoto, nilikuficha. Hizi ndizo zote. Hakuna nyingine." Kisha aseme jozi zipi zitauzwa ili karo ikamilike, na auze kweli, hata kama ataumia moyoni.

Mke naye, hasira ikishapoa, aulize swali ambalo hajawahi kuuliza: "Hebu niambie, unaona nini katika vitu hivi?" Amsikilize mpaka mwisho. Amwonyeshe simba wa kwenye kofia na meno ya ndani. Pengine bado hatavipenda, na hiyo ni haki yake. Lakini atakuwa amemjua mumewe zaidi ya jana, na mume atakuwa hana la kuficha tena.

Na ile jozi ya kwanza, iliyonunuliwa wote wakifurahi, isiuzwe. Iwekwe mezani jioni hiyo hiyo, na chakula kiliwe.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

1. Ni kitu gani mwenzako anakipenda ambacho hujawahi kumwuliza sababu yake?

2. Je, kuna kitu ulichonunua mwaka huu ambacho mwenzako hajui bei yake? Utamwambia lini?

3. Ni kiasi gani kwa mwaka ambacho kila mmoja wenu angeweza kutumia bila kuleta uchungu nyumbani?

4. Mmoja wenu akiondoka leo, je, atakayebaki anajua vitu vyenu viko wapi na vina thamani gani?

5. Ni chombo gani kizuri mmekifungia kabatini miaka mingi? Mtakiweka mezani siku gani?

Jibuni maswali haya jioni moja, redio ikiwa imezimwa na watoto wamelala. Msijaribu kuyamaliza yote mara moja. Hata mawili yanatosha kwa kuanzia. Tuonane tena katika toleo lijalo.